Adabu za Nyumbani: Barua ya Kushukuru Zawadi



Mwalimu mmoja wa pwani ya ziwa ametuletea swali, nasi twaona vema kulijibu katika ukurasa huu, kwa kuwa twajua wengi wenu mwaulizana neno lilo hilo. Yeye asema hivi: mtu akiletewa zawadi kutoka mbali, naye akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru aliyeileta na kumwandalia chakula, je, angali na deni la kumwandikia yule aliyeituma? Asema wanafunzi wake wadhani barua ya namna hiyo ni desturi ya Wazungu, na baadhi ya wazee wao waona ya kuwa maneno mengi juu ya zawadi huipunguza zawadi yenyewe.

Twajibu: deni lipo. Watu wengi husema, "Andika ili aliyetoa afurahi," na kweli atafurahi. Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo sisi tumejifunza hapa hapa Mwaya, tena kwa huzuni.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane, mshirika wetu, alivuna mpunga wake, akautwanga, akaupepeta, akachagua ulio mzuri kuliko wote, akajaza debe moja, akalishonea katika kiroba. Ninyi mnaokaa Kyela hamna haja ya kuambiwa mchele ule unavyonukia. Hata watu wa Dar es Salaam huuuliza sokoni kwa jina la wilaya yetu. Mama alikuwa na mwanawe huko Dar es Salaam, mwenye kazi na mke na watoto wawili. Basi akamkabidhi kijana wa jirani aliyekuwa akisafiri kwa basi, akamwambia, "Mwanangu, mfikishie ndugu yako." Kijana akachukua mzigo, asitake nauli yake.

Mwezi mmoja ukapita, hakuna neno. Wa pili ukapita, hakuna neno. Mwana alipiga simu mara mbili katika siku hizo, akauliza habari za afya na za mvua, wala hakutaja mchele. Na mama hakuuliza. Hapa ndipo tungependa wale walio mbali waelewe vizuri: aliyetoa hawezi kuuliza. Kuuliza, "Je, uliupata mchele wangu?" ni kama kudai malipo ya kitu alichokitoa bure. Mama wa Kinyakyusa mwenye adabu atanyamaza hata zawadi yake isahaulike, lakini moyo wake haunyamazi.

Moyo wa mama huyu ukaanza kusema juu ya kijana. Hakumshitaki kwa mtu yeyote. Alimwambia jirani mmoja tu, kwa sauti ndogo, ya kwamba labda mchele uliuzwa njiani. Jirani akamwambia mwenziwe. Kijana aliporudi baada ya miezi mitatu alisalimu watu, wakamwitikia kwa ufupi. Mtu mmoja alimkatalia kumpa baiskeli aende nayo Kyela mjini, asimweleze sababu. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya. Akaacha kuja mazoezini, na baadaye akaacha kuja kanisani. Sisi wenyewe tulimwuliza mara moja kilichompata, akasema hana neno. Angesema nini? Mtu asiyeshitakiwa hana pa kujitetea.

Wakati wa Krismasi mwana akaja na jamaa yake. Wakiwa wameketi mezani na wazee wawili wa kanisa, akacheka na kusema, "Mama, mchele ule wa mwezi wa sita uliwafanya watoto wakatae mchele wa dukani mpaka leo." Mama akaweka sahani chini. Akamwuliza, "Basi uliupata?" Naye kwa kushangaa akajibu, "Ningekosaje kuupata? Kijana aliuleta siku ile ile ya kushuka, akabeba begani kutoka kituoni. Nalidhani wajua."

Mwana yule si mtu mbaya. Hutuma fedha nyumbani kila mwezi. Alimshukuru kijana kwa kinywa, akamlaza, akamlisha, wala hakuna mtu ambaye angemwambia kwamba amekosa adabu. Ila shukrani yake ilikaa Dar es Salaam, haikusafiri. Na kwa ajili ya mistari mitatu ambayo hakuiandika, kijana mwaminifu alichukua jina la mwizi kwa nusu mwaka.

Kwa hiyo twasema kwamba barua ya kushukuru, kabla haijawa furaha ya aliyetoa, ni ushahidi kwa ajili ya aliyebeba. Zawadi nyingi za nchi yetu hupita mikononi mwa watu. Mwaya palikuwa bandari zamani, meli za ziwa zilipokuwa zikitia nanga hapa. Baadaye kazi hiyo ikahamia Itungi na Kiwira. Lakini tangu siku zile hata leo mizigo yetu huchukuliwa na jirani, na mpwa, na utingo wa basi, na mwenye mtumbwi, na mwalimu anayerudi likizo. Kila mmoja wa hao akibeba zawadi hubeba na sifa yake mwenyewe juu yake. Aliyepokea peke yake ndiye awezaye kuirudisha sifa ile nzima mahali ilipotoka.

Mkitaka kuona ya kwamba neno hili si letu, fungueni Waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi. Tumezoea kuusoma kwa ajili ya furaha iliyomo, tukasahau kwamba mtu aliyeuandika alikuwa kifungoni, naye ameletewa zawadi kutoka mji wa mbali kwa mkono wa Epafrodito. Someni sura ya 4 toka mstari wa 10. Paulo ataja kwamba vitu vimefika, tena amevipata vyote. Na neno la Kiyunani alilolitumia ndilo wafanya biashara wa siku zile walilokuwa wakiandika katika stakabadhi zao, kama stakabadhi nyingi zilizofukuliwa katika mchanga wa Misri zinavyoonyesha. Kisha amtaja Epafrodito kwa jina kuwa ndiye aliyevileta. Na tena awakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimpelekea, zaidi ya mara moja. Jambo la kushangaza ni hili: katika maneno yale yote neno lenyewe la kusema asante halimo. Wataalamu wa Maandiko wamelijadili sana. Sisi hutuambia tu kwamba mtu aweza kushukuru vizuri kuliko wote kwa kueleza yaliyofika, nani ameyaleta, na yamefanya kazi gani.

Lakini rudini nyuma hadi sura ya 2, mwisho wake. Epafrodito aliugua huko karibu na kufa, na habari ikafika Filipi. Sasa Paulo amrudisha. Je, watu wa Filipi hawangeweza kunong'ona? "Tulimtuma amtumikie mfungwa, mbona amerudi?" Paulo hangojei manong'ono. Aandika mapema kwamba mtu huyu alihatarisha maisha yake kwa ajili ya kazi, apokewe kwa furaha, apewe heshima. Na mahali pengine, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 8, mchango wa makanisa ulipokuwa ukipelekwa Yerusalemu, alipanga watu wasafiri pamoja, ili mtu asipate kumlaumu mtu juu ya fedha zile. Mtume aliyajua mambo ya mizigo.

Juu ya wale wenye ukoma 10 na yule 1 aliyerudi kushukuru hatuna haja ya kuongeza. Mmesikia mahubiri yake kila mwaka.

Sasa turudie neno la wanafunzi, kwamba barua ya kushukuru ni desturi ya Wazungu. Ni kweli kwamba zamani za babu zetu barua haikuwa na kazi hapa. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kati ya Wanyakyusa miaka ile ya 1934 hadi 1938, naye baadaye, mwaka 1951, akatoa kitabu kinachoeleza jinsi vijana wa rika moja walivyokuwa wakijenga kijiji chao na kula pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Neno alilolishika sana ni ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kuzungumza na kula na wenzako. Katika maisha ya namna hiyo shukrani huonekana kwa macho. Uliyemlisha jana wamwona leo. Hukuambia ndaga, nawe wamsikia. Kikapu ulichompelekea ndizi chakurudia kina mahindi. Hata vyungu vya Wakisi vikifika ufukweni kwa mitumbwi kutoka Ikombe, mnunuzi na mfinyanzi hutazamana uso kwa uso. Barua ingekuwa kichekesho.

Leo watoto wetu wako Mbeya, Tunduma, Dodoma na Dar es Salaam, na wengine ng'ambo ya bahari. Ukwangala hauvuki umbali huo bila chombo. Kutumia karatasi kwa kazi hii si ugeni: watu wa pwani ya bahari waliandikiana kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, zamani sana kabla misheni yoyote haijafika, na zipo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa hata leo huko Goa katika Bara Hindi. Nao Wamoravian wa Herrnhut tangu mwaka 1728 walikuwa na siku moja kila mwezi ya kukusanyika na kusoma kwa sauti barua za ndugu walio mbali. Wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891, barua zao zilishuka kwa ziwa letu hili, zikafuata mto Shire na mto Zambezi hata bahari, kisha zikapanda meli. Mtu aliyengoja jibu kwa njia ile hakudharau mstari hata mmoja.

Basi barua yenyewe iandikwe namna gani?

Iandikwe mapema. Sisi twashauri kabla ya Jumapili inayofuata. Zawadi ya chakula iandikiwe kabla haijaisha, maana mtu aliyekwisha kula husahau haraka kuliko mwenye njaa. Mkichelewa, andikeni tu. Msijaze ukurasa wa kwanza kwa udhuru. Tumewahi kupokea barua ambayo nusu yake ilieleza kwa nini haikuandikwa.

Tena jihadharini na salaam. Twapenda salaam, na barua ya Kiswahili isiyo na salaam ni kama mgeni aingiaye bila hodi. Lakini tumeona barua za vijana zinazoanza na salaam kwa baba, na kwa mama, na kwa shangazi, na kwa mjomba wa upande wa pili, na sisi hapa wazima hofu ni kwenu, na mvua, na mifugo; kisha pembeni kabisa, kwa herufi ndogo zilizopinda kwa kukosa nafasi: "shati nimepata." Shati lile lilishonwa kwa siku mbili na mtu mwenye macho mabovu. Litajwe katikati ya karatasi.

Litajwe kwa jina lake. "Asante kwa zawadi zako" ni maneno yanayoweza kuandikwa na mtu ambaye hajafungua mfuko. Semeni ni vitu gani, vingapi, vimefika katika hali gani, na ni nani aliyevileta, kwa jina. Hapo ndipo aliyebeba anapowekwa huru. Kama aliyetuma aliandika kwamba ametuma mashuka 2 nanyi mmepokea 2, andikeni 2. Kama mmepokea 1, andikeni 1, bila kumshuku mtu. Huenda la pili lilibaki nyumbani juu ya kitanda, kama ilivyotokea kwetu.

Msitaje bei. Na msiombe kitu katika barua ile. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi, hata kwa watu wazima, hata (twasema kwa upole) kwa baadhi ya barua ziendazo kwa sharika rafiki za Ujerumani: mistari minne ya kushukuru kengele, na kurasa mbili za kuomba bati. Ombi si dhambi. Mwenye haja aombe. Lakini aliombee karatasi yake, siku nyingine; maana ombi likifuata shukrani mara moja, shukrani hugeuka kuwa chambo, na msomaji huanza kuisoma kutoka chini.

Mama mmoja wa Kajunjumele alituuliza swali gumu zaidi. Dada yake wa Mbeya alimtumia mayai 30 kwenye trei, wakati wa masika. Njia ilikuwa mbaya, basi likakwama, na mayai 22 yakavunjika. Je, aandike kwamba yamefika? Akiandika yamevunjika atamhuzunisha. Akiandika yamefika salama amesema uongo. Tulizungumza juu ya jambo hili kwa muda mrefu kuliko mnavyoweza kudhani, wala hatukupatana wote. Mmoja wetu asema upendo hufunika, basi ashukuru kwa mayai na kunyamaza habari ya hesabu. Walio wengi twaona vingine. Akinyamaza, dada yake atatuma tena kwa njia ile ile, na kuvunja tena. Na siku moja utingo atasimulia, na dada atajua kwamba alifichwa. Twamshauri aandike kwa furaha ya kweli: kwamba mayai 8 yamefika mazima na watoto wameyala siku ile, kwamba njia iliharibika kwa mvua, na utingo alijitahidi sana, hata alilipakata trei mapajani tangu Tukuyu, na kwamba mwezi wa saba, njia ikikauka, atapenda kuonja tena. Hapo kweli imesemwa, mtu wa basi amepata heshima yake, na dada amejua la kufanya. Ikiwa kitu kimeharibika chote na hakiwezi kutumwa tena, kama keki ya arusi iliyooza, hapo twakubaliana na mwenzetu: ashukuru kwa moyo uliotuma, bila kuhesabu makombo. Akiulizwa, asiseme uongo.

Wengine watasema: mambo haya yamepitwa na wakati, maana leo fedha hutumwa kwa simu. Tangu mwaka 2008, kampuni ya Vodacom ilipoanzisha M-Pesa katika nchi yetu, na kampuni nyingine zikafuata, aliyetuma huona papo hapo katika simu yake kwamba fedha zimekwenda, na jina la aliyepokea, na saa. Hakuna mbebaji wa kushukiwa. Kweli, na twamshukuru Mungu kwa chombo hiki kilichowaokoa wengi usiku wa ugonjwa. Lakini tazameni vizuri kile ujumbe ule unachosema. Unasema fedha zimeingia katika simu. Hausemi kwamba mtoto amepata dawa. Na mara nyingi simu iliyoandikwa ni ya kaka, au ya mwenye duka, kwa kuwa bibi hana simu. Basi mbebaji yupo bado, ila hatumwoni. Baba aliyetuma shilingi 40,000 za matibabu akajibiwa "imefika" peke yake, amepata stakabadhi ya mashine. Aandikiwe pia kwamba bibi alipelekwa zahanati asubuhi, na nani alimpeleka, na homa imeshuka.

Hatudharau ujumbe wa simu. Ujumbe mfupi wa leo ni bora kuliko barua nzuri isiyoandikwa. Kwa mzee asiyesoma, au ambaye macho yake yamefifia, apigiwe simu asikie sauti. Na aliye karibu, ambaye unaweza kufika kwake kwa miguu kabla jua halijatua, usimwandikie kabisa: nenda. Kijana aliyetuma ujumbe wa simu kumshukuru babu yake anayekaa ng'ambo ya mto Mbaka, naye yu mzima wa miguu, ametumia adabu kukimbia adabu. Barua ya karatasi tunaisifu kwa sababu moja ambayo simu haina: hukaa. Tumeingia nyumba za wajane tukaonyeshwa barua iliyotunzwa ndani ya Biblia, au ndani ya kopo la chai lililoning'inizwa juu ya paa maji ya mafuriko yasilifikie, imekunjwa na kukunjuliwa hata inachanika.

Kwa ninyi walimu tuna neno la peke yenu. Vitabu vikiletwa shuleni, au nguo za sherehe ya watoto wa Jumapili, desturi ya wengi ni kuandika barua moja ubaoni na watoto 45 kuinakili. Wale wanaopokea barua 45 zilizo sawa husoma ya kwanza. Tunajua mna watoto wengi na muda kidogo. Jaribuni hivi: salaam na mwisho viwe ubaoni, ili wasikosee heshima, katikati kila mtoto aandike mistari mitatu yake mwenyewe, juu ya kitu kimoja alichokipata na alivyokitumia. Msisahihishe mpaka kicheko kiishe. Mtoto akiandika kwamba kitabu kina picha ya treni naye hajawahi kuiona treni, acheni hivyo hivyo. Na kwa kuwa barua nyingi za vijijini hupitia sanduku la posta la shule au la usharika, tafadhali zisikae katika droo ya mwalimu mkuu hata muhula uishe.

Juu ya arusi na misiba hatutasema mengi. Kamati ya arusi huvunjwa kwa chakula, na wachangaji hushukuriwa hapo wote pamoja, yatosha. Katika msiba, daftari la rambirambi husomwa, na jamaa wenye uwezo huweka tangazo la shukrani gazetini, wakisema kwamba si rahisi kumtaja kila mtu mmoja mmoja. Neno hilo ni la haki kwa watu 300. Ila waliochimba kaburi kwenye mvua, na yule aliyetoa gari lake kuleta mwili, hao wanahesabika kwa vidole. Waendewe.

Kwa mfano, twawawekea barua ya mtoto wa darasa la sita, ambaye wazazi wake wametupa ruhusa. Tumeondoa majina, na nukta mbili tatu tumeziweka sisi.

Mwaya, 9 Aprili.
Kwa mjomba mpendwa,
Shikamoo. Sisi hatujambo. Jana jioni baba mdogo alifika na mfuko uliompa. Aliufunga kwa nailoni juu ya baiskeli, nao haukuloa ijapokuwa mvua ilimpata njia nzima. Ndani nimekuta daftari 6, kalamu 2 na viatu. Viatu vyanitosha, vidole havigusi mbele. Daftari moja nimempa mdogo wangu kwa sababu lake lilikwisha Jumatatu. Jumapili nitavaa viatu kanisani, lakini njiani nitavibeba mkononi, maana kuna tope. Mama amesema hata yeye alipokuwa darasa la tano wewe ndiwe uliyemnunulia viatu vya kwanza, naye hakuwahi kuniambia mpaka jana. Nakushukuru, mjomba. Mungu akulinde.
Mimi mpwa wako.

Tunajua kwamba siku ile mtoto huyu alikuwa akidaiwa fedha za mtihani. Hakulitaja. Mama yake alimwandikia mjomba juu ya mtihani majuma mawili baadaye, kwa karatasi nyingine, naye akajibiwa.

Mtapenda kujua habari za kijana wa mchele. Siku ya pili ya Krismasi mama alikwenda kwao mapema, pamoja na mwanawe, akachukua kuku na kuomba radhi mbele ya wazazi wake. Kijana alinyamaza kwanza kwa muda mrefu. Hakurudi kwaya mwezi ule, wala uliofuata. Alirudi karibu na Pasaka, akasimama mstari wa nyuma. Mizigo ya watu angali anaibeba, lakini sasa huchukua daftari dogo, na kila anayepokea hulitia sahihi: siku, mzigo, jina. Alitukopesha tulitazame tulipokuwa tukiandika ukurasa huu. Mstari wa kwanza kabisa ni debe moja la mchele, kutoka kwa mama yule yule, kwenda kwa mwana yule yule. Na pembeni, mahali pa sahihi, mwana ameandika maneno mengi kupita kiasi, hata yameingia katika mstari wa mtu mwingine.